Mawe ya Mteremko wa Dorina

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapomwona mtu amepanga ngazi mbele ya mlango, kisha akasimama kando kujisifu. Miaka imepita, nywele zangu zimekuwa nyeupe, na hasira bado iko palepale. Nusu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe. Usidhani nimekaa hapa kuwalaumu wengine huku mimi nimenawa mikono. Ni mikono hii iliyojenga.

Nilikuwa kijana wa Uriri, nimejifunza uashi kwa fundi mmoja wa Migori aliyekuwa mkali kupita kiasi. Katikati ya miaka ya tisini nikapata kazi upande wa Homa Bay, katika soko dogo ukishapita Rodi Kopany. Jina la soko sitalitaja, maana baadhi ya wahusika wangali hai na wajukuu wao wanajua kusoma. Wananchi walikuwa wamejitolea, wamechota mchanga na kubeba maji, ili wapate zahanati yao wenyewe wasihangaike tena kwenda mbali. Fundi mkuu nikawa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kichwa kimevimba hata kofia hainitoshi.

Udongo wa huko ni mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kunata, unainua sakafu na kupasua kuta. Kiangazi kikija unapasuka mpaka mguu wa ng'ombe unazama. Kwa hiyo sisi mafundi tulijenga msingi wa juu, na hapo hatukukosea. Kosa letu ni kwamba msingi wa juu tuliugeuza kuwa maringo. Mtu akijenga nyumba watu hawakuuliza ina vyumba vingapi, waliuliza ina ngazi ngapi. Mwalimu mkuu alikuwa na tatu. Mwenye lori alikuwa na tano. Mimi zahanati nikaipa saba. Saba, mwanangu, kwa mlango wa wagonjwa! Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Sasa, katika kamati ya zahanati kulikuwa na mama mmoja muuza omena, dagaa wadogo wa ziwani, jina lake Dorina. Kwa ukoo alikuwa *waya* wangu, ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi, kwa kuwa yeye na baba yangu ni wa nyumba moja kule Uriri, naye akaolewa huku. Polio ilimshika miguu akiwa mtoto mdogo. Alikwenda kila mahali kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, na nyuma yake amefunga gunia la omena kutoka Mfangano. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu mimi mvunja mawe. Na mdomo wake, yawa! Hakuna mwanamume pale sokoni aliyebishana naye mara mbili.

Kabla msingi haujapanda, Dorina alinijia na kamba yenye mafundo. Akaninyooshea kidole pembeni mwa jengo.

"Mtoto wa ndugu yangu," akaniambia, "hapa nataka mteremko wa magurudumu. Usinifanyie wa haraka. Kila ukipanda shubiri moja, uende mbele shubiri kumi na mbili. Nimeupima mahali ulipojengwa vizuri, nikaupanda mwenyewe bila kusukumwa na mtu."

Kamati ikakubali, na mawe yakaletwa. Lundo zima likawekwa kando ya ua, na kila mtu akalijua kwa jina: mawe ya Dorina. Hata watoto waliokuwa wakicheza juu yake walifukuzwa kwa jina hilo.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi, mwenyekiti wa kamati akanivuta kando. Kulikuwa na mgeni wa heshima anakuja, mtu mzito, na mwenyekiti alikuwa halali usingizi kwa sababu yake. "Mgeni hawezi kusimama chini na watu," akasema. "Tumia yale mawe pale, umjengee jukwaa. Yatakayobaki yapake chokaa, uyapange kuzunguka maua."

Nikamuuliza, "Na mteremko wa waya?"

"Dorina tutambeba tu. Kwani ana uzito gani yule?"

Wazee waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka, mwanangu. Nisingependa kukudanganya. Nilicheka, nikachukua mwiko wangu, nikajenga jukwaa zuri sana kwa mawe ya shangazi yangu.

Ufunguzi ukawekwa Jumamosi. Dorina alikuwa Msabato, na Jumamosi yake ni ya Mungu, hakuna mgeni wa heshima ambaye angeweza kumtoa kanisani. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuuliza. Mgeni akapanda jukwaani, akakohoa, akatangaza kwamba zahanati hii ni ya kila mtu, hakuna atakayebaguliwa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nikipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hebu fikiria. Mtu anasimama juu ya mawe ya Dorina na kusema hakuna atakayebaguliwa!

Jumatatu Dorina akaja. Akasimamisha baiskeli yake mbele ya zile ngazi, akaziangalia. Akaangalia jukwaa. Akaangalia maua na vijiwe vyake vyeupe.

"Okoth, mawe yangu yamekwenda wapi?"

"Waya, usijali," nikamjibu. "Tuko wengi hapa. Utasaidiwa."

Neno hilo, mwanangu, utasaidiwa! Ukilisikia, usimame uulize. Utasaidiwa na nani? Saa ngapi? Akiwa na haraka zake je? Akiwa mlevi je? Akiwa ni mtu usiyetaka akuguse je? Watu hulitamka wakitabasamu, wakidhani wametoa zawadi, kumbe wamekuambia ukae pale chini usubiri huruma.

Na kweli alisubiri. Miezi ile niliyobaki pale nikimalizia nyumba ya nesi, nilimwona mara nyingi juani, chini ya ngazi, akimwomba huyu na yule amwite nesi. Nesi alikuwa mmoja tu, Boke, binti wa Kikuria, mchapa kazi, akitoka mlangoni pale anapoweza. Siku moja vijana wawili walimkuta Dorina, wakamshika mmoja huku mwingine huku, wakamnyanyua bila kumuuliza. Nguo ikapanda mbele ya wanaume waliokuwa kwenye foleni. Akamzaba mmoja kofi lililosikika mpaka kwenye kinu cha posho. Sokoni wakasema hana shukrani. Nami nikasema vilevile, tena kwa sauti kubwa.

Basi ikaja ile siku. Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, foleni imejaa mpaka nje. Nilikuwa naweka mfereji wa paa wa kukusanyia maji. Dorina akafika mbio, anazungusha kwa nguvu zake zote, na mwanawe Omondi amelala mapajani, amefungwa kwa leso. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alikuwa anachemka kwa homa, anapumua haraka haraka na macho hayafunguki vizuri.

"Okoth, niitie nesi aje hapa nje."

Nikaitazama ile foleni. "Waya, nesi hawezi kuacha watu wote kwa ajili yako. Nipe mtoto nimpeleke."

"Niitie nesi, nataka kuongea naye mwenyewe."

"Mtoto anaungua na wewe unataka maongezi? Nipe!"

Akamfungua mtoto, akanipa, kisha akaingiza mkono kwenye kikapu chake. "Ngoja nitoe kadi yake."

Sikungoja. Nilikwisha geuka. Nilipanda zile ngazi mbili mbili na mtoto mikononi, watu wakanipisha, mama mmoja akasema, "Asante, baba, Mungu akubariki," na mimi nikajiona mtu wa maana sana. Nyuma yangu Dorina alikuwa akiita. Kinu cha posho kilikuwa kinanguruma na soko zima lilikuwa linapiga kelele. Niliisikia sauti yake lakini maneno sikuyajali. Nilidhani ni zile kelele zake za kawaida.

Nesi Boke akampokea mtoto, akamweka mezani, akasikiliza kifua. "Kadi yake iko wapi?"

Kadi ilikuwa chini, mkononi mwa mama yake. Kurudi ilikuwa ngazi saba kushuka na saba kupanda. Nikasema, "Tumeisahau nyumbani, nesi."

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mtoto wetu."

"Amewahi kudungwa penisilini?"

"Ndiyo." Sikujua.

"Haikumletea shida yoyote?"

"Hapana, nesi. Hana shida."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mara nyingi. Nilisema kwa sababu nilikuwa mwanamume mbele ya meza, watu wananitazama, na niliona aibu kusema sijui. Hiyo tu. Aibu ndogo ya dakika moja, na ilibaki kidogo imuue mtoto wa watu.

Nesi akamdunga. Mtoto akalia, kisha kilio kikabadilika. Kikawa chembamba, cha kuvutwa. Midomo ikaanza kuvimba, uso ukavimba, mwili ukatoka mabaka. Nesi akaniangalia kwa macho ambayo sitaki kuangaliwa nayo tena. "Ulisema hana shida!"

Mama anakijua kilio cha mtoto wake hata kinu kikinguruma. Dorina alikuwa amekwisha shuka kwenye baiskeli. Alizipanda ngazi zangu saba kwa viganja na magoti, akivuta miguu juu ya simiti niliyoiacha na mikwaruzo ili viatu vya watu visiteleze. Kadi alikuwa ameibana kwa meno. Aliingia mlangoni magoti yakitoka damu, akaitupa kadi mbele ya nesi.

"Penisilini! Umemdunga penisilini? Homa Bay walikataza!"

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, juu kabisa ya kadi. Miezi minne nyuma daktari wa Homa Bay alimdunga, akavimba, akaokolewa, akaandikiwa asidungwe tena dawa hiyo maishani. Nesi Boke hakungoja kusoma hadi mwisho. Akafungua kisanduku cha dharura, akamdunga mtoto sindano nyingine pajani, akamweka sawa, akamfuatilia pumzi moja baada ya nyingine. Mimi nilisimama ukutani, ukuta niliojenga mwenyewe. Baada ya muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, mtoto akavuta pumzi nzima, akalia kilio cha kawaida.

Dorina alikuwa amekaa sakafuni, mtoto sasa yuko mapajani mwake. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia kelele.

"Okoth, mimi nina mdomo?"

"Ndiyo, waya."

"Nina akili?"

"Unazo."

"Nilikuwa na kadi?"

Nikaitazama ile kadi.

"Basi nani alikutuma unijibie? Mlichukua mawe yangu, nikanyamaza. Mkaniambia nitabebwa, nikanyamaza. Leo umenibebea mtoto, ukambebea na majibu yake, ukasema uongo kwa jina langu. Nilikuwa hapa nje, hatua kumi tu. Hatua kumi!"

Akaniambia nitoke mbele ya macho yake. Nikashuka zile ngazi, na kila ngazi niliijua, maana kila moja niliipima kwa pima maji ili ikae sawasawa.

Ungedhani baada ya tukio lile mambo yangerekebishwa siku ileile. Hata kidogo! Mwenyekiti alisema ni bahati mbaya. Alisema mtoto amepona, tumshukuru Mungu. Nikamwambia nitabomoa jukwaa nijenge mteremko, hata bure. Akasema jukwaa ni la kumbukumbu ya mgeni, haliguswi. Nataka ulisikie hilo vizuri, mwanangu: jukwaa lililosimamiwa saa moja na mtu mmoja lilikuwa na thamani kuliko mlango wa mama na mtoto wake.

Dorina akaitisha mkutano wa wananchi siku ya soko iliyofuata, palepale nje ya zahanati. Alikuja na wenzake watatu: mzee mmoja wa magongo mawili, msichana aliyekatwa mguu, na mshona viatu aliyekuwa akitambaa kwa kuvaa ndala mikononi. Sikuwahi kujua kwamba watu hao wote walikuwa jirani zetu. Walikuwa hawaji zahanati, ndiyo maana. Nesi Boke alitoka akaeleza yaliyotokea, na hakunificha mimi wala hakujificha yeye.

Mwenyekiti akasimama, akanyoosha koti. "Mama Omondi, hasira za nini? Tuna vijana wa nguvu hapa. Ukija, tutakubeba. Ni heshima kubebwa!"

Dorina akageuza baiskeli yake imwelekee. "Ni heshima?"

"Ni heshima kabisa."

"Vizuri. Leo ni siku ya soko, na mama mkwe wako namwona pale kwenye nyanya. Okoth na vijana wanne wakubebe sasa hivi mbele yake. Shati likipanda, lipande. Suruali ikishuka, ishuke. Wakupandishe ngazi saba, wakushushe ngazi saba. Ukifika chini ukasema ni heshima, mimi nitabebwa mpaka siku nitakayozikwa."

Ewe! Wewe wa siku hizi labda hujui mkwe ni nini kwetu. Mwanamume hata kupeana mkono na mama mkwe wake hathubutu, wala hali mbele yake. Kubebwa hobelahobela mbele yake, heri ardhi ipasuke. Mama wa watu alijifunika khanga kichwani, akaziacha nyanya zake, akaondoka mbio. Wanawake walipiga vigelegele na wengine wakashika vinywa.

Mwenyekiti akafoka. "Unanitukana mbele ya watu!"

"Sijakutukana," Dorina akasema. "Nimekuambia unachonifanyia."

Kisha yule mzee wa magongo akaenda polepole mpaka kwenye jukwaa, akaligonga kwa gongo lake mara moja, akaniangalia. Nikachukua nyundo. Mwenyekiti hakunizuia, na hata angenizuia nisingesikia.

Niliujenga mteremko siku tatu. Ulikuwa mfupi na mkali, maana nilitaka kumaliza haraka niipoze roho yangu. Dorina akaupanda hadi katikati, mikono ikaisha nguvu, akarudi kinyumenyume. "Bomoa," akasema. Nikajitetea, nikasema nafasi haitoshi, nikasema akizoea ataweza. Hakubishana nami. Alishuka kwenye baiskeli, akakaa chini, akaniambia, "Panda wewe." Nikakaa, nikazungusha kwa mikono, mimi fundi wa Uriri. Sikufika hata nusu. Ilinirudisha nyuma ikanitumbukiza mtaroni, na soko zima likacheka mpaka likachoka.

Nikabomoa. Safari hii nikachukua ile kamba yake ya mafundo. Shubiri moja juu, shubiri kumi na mbili mbele. Mteremko ukawa mrefu, ukazunguka ukuta wa kulia na kupata mahali pa kupumzikia katikati. Nilijenga huku Dorina yuko kando anaangalia, na kila nilipotaka kukisia alinikoholea.

Siku ulipokauka, akaja na Omondi mapajani. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemnyanyua. Akapanda, akapumzika, akapanda tena, akaingia mlangoni, akashika nafasi yake kwenye foleni nyuma ya mama mwenye kuku. Zamu yake ilipofika nesi akamuuliza: mtoto amekula nini, amelala vipi, dawa gani alipewa, dawa gani hapatani nayo. Dorina akajibu moja baada ya jingine, kwa kirefu, bila haraka. Nilikuwa dirishani nikijifanya napaka rangi. Katika majibu yale yote, mwanangu, hakuna hata moja nililokuwa nalijua.

Hakunisamehe siku ile. Ilipita muda mrefu kabla hajaniita tena mtoto wa ndugu yake, na nilistahili.

Sasa nakuambia wewe mwenye nguvu, mwenye mwiko au kalamu au cheo. Majuzi nilikwenda katika ofisi moja mjini Migori, nikakuta mteremko mzuri umepakwa rangi, na mwisho wake mlango wa chuma umefungwa kwa kufuli. Nikauliza funguo ziko wapi. Mlinzi amekwenda nazo kunywa chai. Nilipiga kelele pale mpaka wakanidhania mwendawazimu. Nawe ukikuta vile, piga kelele. Usione haya. Hakuna aliyewahi kufunguliwa mlango kwa sababu watu wazuri walinyamaza.

Ukijenga, mwite mtu atakayeutumia mlango huo kabla hujachanganya simiti, na akikuambia bomoa, ubomoe. Usimshike mtu, wala kiti chake, wala mtoto wake, kabla hajakuambia ndiyo. Ukiulizwa jambo la mwenzako naye yuko pale nje, usimjibie. Nenda ukamwite, na kama hawezi kuingia, basi kosa liko kwenye mlango, ushughulikie mlango. Na ukiwa hujui, sema sijui. Neno hilo lingenitosha siku ile, nami sikuwa nalo.

Mungu akupe afya na kazi ya mikono. Akupe masikio ya kumsikia anayekuita kutoka chini ya ngazi hata kinu kikinguruma. Na siku miguu yako itakapokataa, mwanangu, maana yangu imeanza kukataa na yako itafuata, akukutanishe na mlango uliojengwa na fundi aliyeuliza kwanza.